Kwa Pesa ya Mwaka Gani? Niliyojifunza kwa Kufuatilia Utajiri wa Watu Weusi

Mwaka 2012 nilinunua daftari gumu, na kwenye ukurasa wa kwanza nikaandika kwa wino jina la Mansa Musa. Mbele yake nikaweka dola bilioni 400. Mwaka huo namba hiyo ilikuwa imezagaa kila mahali: mfalme wa Mali, mtu mweusi, tajiri kuliko binadamu yeyote aliyewahi kuishi. Wakati huo nilikuwa nafundisha vijana kwa kujitolea kila Jumamosi jioni, mambo ya akiba, mikopo na biashara, na iliniuma kwamba kila mfano wa tajiri tuliokuwa nao ulikuwa wa mtu asiyefanana nao. Nikaamua kuwaletea wanaofanana nao. Nia ilikuwa njema kabisa. Naandika haya kwa sababu nia hiyo njema haikumzuia kijana mmoja wa darasa langu kupoteza kila alichokuwa nacho kwa jambo nililomfundisha mimi.

Nianze na Mansa Musa, maana kosa la kwanza liko hapo. Sikujiuliza hata mara moja nani alihesabu. Dola za mwaka gani? Dhahabu ilikuwa ya mfalme mwenyewe au ya nchi aliyoitawala? Hakuna hesabu za hazina ya Mali zilizotufikia. Tunachojua ni kwamba alitawala miaka ya mwanzo ya karne ya 14, akaenda kuhiji mwaka 1324, na alipopita Cairo akatoa dhahabu nyingi mno hata bei yake ikaporomoka. Al-Umari, mwandishi aliyekusanya habari hizo miaka kadhaa baadaye, alikuta watu wa Cairo bado wanalizungumza. Na katika habari hizohizo kuna jambo ambalo sikulisoma mpaka miaka mingi imepita: wakati wa kurudi, mfalme yule yule aliishiwa, akakopa kwa wafanyabiashara wa Cairo kwa riba kubwa. Mtu aliyeshusha bei ya dhahabu ya mji mzima alirudi kwao na deni la watu wa mji huohuo. Kisa hicho kingewafaa vijana wangu kuliko hizo bilioni 400. Namba ile nimeikata mstari, na tangu siku hiyo naandika kwa penseli.

Daftari lilikuwa na safu mbili tu: jina, na namba. Kila Machi orodha ya mabilionea ya Forbes, jarida la Marekani, ilipotoka, nilinakili. Aliko Dangote, mwenye viwanda vya saruji Nigeria, ndiye aliyenichukua moyo. Mwaka 2008, alipoingia kwenye orodha kwa mara ya kwanza, alikadiriwa kuwa na dola bilioni 3.3. Mwaka 2011 zikawa 13.8. Mwaka 2013 alimpita Mohammed Al Amoudi, Msaudi mwenye mama Muethiopia, na kuwa mtu mweusi tajiri kuliko wote duniani, na Machi 2014 akafika bilioni 25, nafasi ya 23 kwa dunia nzima. Jumamosi ile niliiandika ubaoni kwa herufi kubwa, vijana wakapiga makofi, nami nikapiga nao. Sioni aibu ya furaha ile hata leo. Aibu ni kwamba nilidhani ninajua tulichokuwa tunakipigia makofi.

Machi 2015 ikaja: bilioni 14.7. Msichana mmoja aliyekuwa anakaa mbele akauliza, “Mwalimu, ameibiwa?” Nikamjibu kwamba amepata hasara. Jibu rahisi, na si sahihi. Kiwanda chake cha saruji cha Obajana kilikuwa palepale kilipokuwa mwaka uliotangulia, kinachoma mawe yaleyale ya chokaa. Malori yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni bei. Mafuta, ambayo ndiyo uhai wa fedha za kigeni za Nigeria, yaliporomoka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa hadi chini ya 50. Naira, pesa ya Nigeria, ikadhoofika, na hisa za Dangote Cement zikashuka kwenye soko la Lagos. Mtu anayemiliki takriban asilimia 85 ya kampuni kama hiyo, bei ya hisa ikipiga chafya, yeye ndiye anayelala kitandani.

Hapa kuna hesabu ambayo ningetamani mtu angenifanyia mwaka ule. Chukua hisa zenye thamani ya naira trilioni 2. Naira 160 zikiwa dola moja, mwenye hisa ana dola bilioni 12.5. Zikifika 200, ana bilioni 10. Zikifika 300, ana kama bilioni 6.7. Hajauza kitu, hajapoteza mteja hata mmoja, na kwa naira yeye ni yuleyule wa jana. Mwezi Juni 2016 Nigeria ilipoiachia naira ipangiwe bei na soko, ilitoka karibu 197 kwa dola hadi kama 280 kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo ukiona utajiri wa mtu umeandikwa kwa dola, jambo la kwanza la kuuliza ni mali zenyewe zinaingiza pesa ya nchi gani. Mmarekani mweusi mwenye kampuni Marekani hana tatizo hili. Mnigeria analo kila siku ya Mungu, na mara nyingi orodha haimwambii msomaji.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Mwaka 2015 huohuo, katika kutafuta kisa cha kuwatia moyo baada ya anguko lile, nilisoma kwamba Dangote alianza biashara mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa naira 500,000 kutoka kwa jamaa yake wa ukoo wa Dantata. Inasimuliwa kwamba aliurudisha ndani ya miezi mitatu. Nikafungua kikokotoo, nikagawa kwa bei ya naira ya siku ile, nikapata kama dola 2,500. Nikaandika ubaoni: Alianza na dola 2,500. Nikapigia mstari. Nikawaambia kwamba tofauti kati yao na yeye ni ujasiri tu.

Miaka ile ya 1970 naira ilikuwa na nguvu kuliko dola. Naira moja ilinunua kama dola moja na nusu. Zile naira 500,000 zilikuwa zaidi ya dola 700,000, tena dola za wakati ule, ambazo zilinunua mara kadhaa ya zinavyonunua leo. Nilikosea kwa karibu mara 300.

Na kulikuwa na zaidi ya pesa. Babu wa mama yake, Alhassan Dantata, aliyefanya biashara ya karanga na kola kutoka Kano, alipofariki mwaka 1955 alihesabiwa kuwa tajiri kuliko wote Afrika Magharibi. Kijana aliyekopa alikuwa amekulia kwa babu yake, Sanusi Dantata, katika nyumba ambamo bei, meli, maghala na vibali vilizungumzwa mezani. Alikuwa na jina ambalo muuzaji akilisikia anatoa mzigo kabla ya kulipwa. Kusema hivi si kumpunguzia sifa, maana wajukuu na vitukuu wa Dantata ni wengi na aliyejenga Obajana ni mmoja. Lakini waliosema vyaelea vimeundwa walimtaka mtu aende kutazama mbao na misumari, nami niliwaonyesha watoto wa watu chombo kikiwa tayari kinaelea.

Kijana ninayemsema alikuwa na miaka 22, mkimya, mwandiko mzuri. Hakuniambia alichokuwa anapanga. Alikopa kwa watu watatu kiasi kinacholingana na zile dola 2,500 zangu, akanunua bidhaa kwa jumla, akangoja bei ipande kama alivyosikia wakubwa wanavyofanya. Bei haikupanda. Hakuwa na ghala, kwa hiyo sehemu ya mzigo iliharibika. Hakuwa na muuzaji wa kumpa mwingine kwa mali kauli. Jumamosi moja alikaa nyuma kabisa, hakufungua daftari. Wenzake walipoondoka akaja mezani akanionyesha kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne: majina matatu, kiasi mbele ya kila jina, na tarehe. Akasema kwa sauti ya chini, “Mwalimu, yeye alirudisha kwa miezi mitatu. Mimi huu ni mwezi wa tano.”

Sikuwa na la kusema. Usiku ule ndipo nilipoitafuta bei ya naira ya miaka ya 1970 kwa mara ya kwanza. Kazi ya dakika kumi, na nilichelewa kwa mwaka mzima kuifanya. Nilikaa nayo gizani kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata nilimweleza ukweli, namba kwa namba, nikamwomba radhi mbele ya darasa zima, maana kosa nililifanya mbele ya darasa zima. Sehemu ya deni nilimsaidia kulipa kwa miezi 14, na haikuwa rahisi. Darasa nililifunga kwa nusu mwaka. Nilipolifungua tena, nilianza na daftari jipya.

Daftari la pili lina safu sita. Jina. Namba, na tarehe yake. Nani kaikadiria. Anamiliki nini hasa. Alianza na nini, kwa pesa ya wakati ule. Na safu ya mwisho, pana kuliko zote, ya maelezo: kwa nini namba imebadilika. Ukitaka kufuata watu hawa kwa faida yako, anza na safu ya mwisho. Namba unaweza hata kuiacha wazi.

Kuijaza kulinifundisha mambo ambayo safu mbili zisingeweza. Nilirudi nyuma mpaka kwa Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliyejulikana kama Madam C. J. Walker kwa biashara ya dawa za nywele. Kila mahali anaitwa milionea. Alipofariki mwaka 1919, mali aliyoacha ilikadiriwa kuwa takriban dola 600,000. Je, hadithi yake imepungua? Kwangu imekua. Mwanamke aliyekuwa mfuaji wa nguo alifika hapo katika nchi na zama zile, huku akiwapa maelfu ya wanawake weusi kazi ya kuuza bidhaa zake. Haihitaji kuongezewa sifuri.

Ukurasa wa 2005 ndio ulionikalisha kimya. Robert L. Johnson, mwanzilishi wa BET, televisheni ya Wamarekani weusi, alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kufika bilioni, mwaka 2001, baada ya kuiuzia Viacom, kampuni kubwa ya televisheni na filamu, kampuni yake kwa takriban dola bilioni 3. Oprah Winfrey, mtangazaji wa televisheni, akawa mwanamke mweusi wa kwanza mwaka 2003. Kisha Johnson akashuka, na kuanzia 2004 hadi 2006 jina la mtu mweusi lilibaki moja tu, la Oprah. Ukurasa mzima, mstari mmoja. Tena hapo pana mjadala, kwa sababu Al Amoudi, ambaye mama yake ni Muethiopia, alikuwa kwenye orodha hiyohiyo, ila wahesabuji wengi walimweka kwa Wasaudi. Leo swali lilelile liko kwa Alex Karp wa Palantir, kampuni ya programu za kompyuta, mwenye mama Mmarekani mweusi na baba Myahudi. Mimi nawaandika wote wawili na kuweka alama pembeni. Ukikuta orodha mbili za matajiri weusi zinapishana kwa jina moja au mawili, mara nyingi ugomvi uko kwenye nani amehesabiwa mweusi, wala si kwenye hesabu za mali.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye daftari hili ni cha mali moja iliyopitia mikononi mwa watu wawili. Johnson yuleyule alilipa dola milioni 300 kuanzisha timu ya mpira wa kikapu ya Charlotte, akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mmiliki mkuu wa timu katika ligi kubwa ya Marekani. Mwaka 2010, baada ya hasara za miaka mfululizo, akamuuzia Michael Jordan, mchezaji nyota wa zamani wa mpira huo, kwa thamani ya kama dola milioni 275. Jordan akaishikilia. Timu yenyewe haikuwa ya kutisha uwanjani, lakini mikataba ya televisheni ya ligi ilipanda, na mwaka 2023 alipouza sehemu kubwa ya umiliki wake, timu ilithaminishwa kwa dola bilioni 3. Mishahara yote ya Jordan kama mchezaji haikufika dola milioni 100. Vijana hupenda kujua analipwa nini mchezaji fulani kwa wiki, nami huwarudisha kwenye mstari huu. Wote wawili waliona mbali. Mmoja aliweza kungoja muda mrefu zaidi, na kungoja kuna gharama ambayo si kila mtu anaimudu. Yule kijana wangu hakuimudu.

Kinyume chake ni Kanye West, mwanamuziki wa Marekani. Oktoba 2022 Adidas ilivunja naye mkataba wa viatu kwa maneno yake dhidi ya Wayahudi, na Forbes wakamshusha siku hiyohiyo kutoka ubilionea hadi dola milioni 400. Katika makadirio yao, mkataba ule peke yake ulikuwa umehesabiwa kuwa dola bilioni 1.5. Hakuzipoteza benki, maana hazikuwahi kuwa benki. Zilikuwa makadirio ya pesa ambayo mkataba ungemletea miaka ijayo. Ndiyo maana safu ya anamiliki nini haitoshi kuandika “viatu”. Andika kama anamiliki kampuni, au anamiliki ahadi ya kampuni ya mtu mwingine.

Kuhusu pesa mkononi, Dangote mwenyewe alisimulia jambo mbele ya hadhara huko Abidjan mwaka 2019. Siku moja alikwenda benki akatoa dola milioni 10 taslimu, akazipakia kwenye buti la gari, akazipeleka nyumbani, akazifungua na kuzitazama, ili aamini kwamba anazo. Kesho yake akazirudisha benki. Niliwasomea vijana kisa hicho na hakuna aliyecheka. Mtu ambaye dunia nzima ilimwita bilionea alihitaji kufungua buti la gari. Mali yake ilikuwa saruji, sukari, unga, mitambo na karatasi za hisa, na kati ya vyote hivyo hakuna unachoweza kukikumbatia usiku.

Kwa faida ya anayetaka kuanza daftari lake, niseme na makosa madogo yaliyonipotezea muda. Usichanganye mauzo ya kampuni na mali ya mwenye kampuni. Reginald Lewis, Mmarekani mweusi, alinunua Beatrice International, kampuni ya vyakula, mwaka 1987 kwa dola milioni 985, sehemu kubwa ikiwa ya mkopo, na kampuni yake ikavuka bilioni moja kwa mauzo. Nilimwandika bilionea, na hakuwa. Usilinganishe namba ya Machi na ya Novemba, hata kama mwaka ni mmoja. Na usitie pesa yako kununua “orodha za siri” za utajiri wa viongozi. Mimi nililipia moja, na ilikuwa uzushi mtupu.

Usitegemee mhesabuji mmoja pia. Mwaka 2024 Forbes walimkadiria Dangote dola bilioni 13 na ushee. Mwishoni mwa mwaka huohuo Bloomberg, shirika la habari za fedha lenye orodha yake, walimpa zaidi ya bilioni 27. Tofauti ilikuwa kitu kimoja: kiwanda cha kusafishia mafuta cha Lekki, Lagos, chenye uwezo wa mapipa 650,000 kwa siku, kilichogharimu takriban dola bilioni 20 na madeni ya kutisha. Kilizinduliwa Mei 2023 na kuanza uzalishaji Januari 2024. Mmoja alikihesabu, mwingine alikuwa bado. Na katika muda huohuo naira ilianguka kutoka karibu 460 kwa dola hadi kama 1,500, kwa hiyo saruji yake, kwa dola, ilikuwa inayeyuka wakati mafuta yanaanza kutiririka. Mwaka 2025 Forbes nao wakakiingiza kiwanda, na namba ikaruka hadi bilioni 23.9.

Mwaka huo orodha nzima ilikuwa na mabilionea 3,028, na watu weusi hawakufika hata 30. Nilidhani nimeshazoea, kumbe sijazoea. Bado kuna kitu kinanikaba kooni kila ninapozijumlisha, na ndiyo sababu siachi.

Yule kijana alimaliza deni lake mwaka 2018. Sasa ni mtu mzima, ana kazi ya kutunza hesabu kwenye kampuni ya watu, na Jumamosi huja kunisaidia. Daftari analiandika yeye, maana mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Jioni tuliyonakili orodha ya 2025, vijana wapya walishangilia kama nilivyoshangilia mimi 2014: bilioni 23.9, karibu mara mbili kwa mwaka mmoja! Yeye aliiandika kwa penseli, taratibu, na tarehe yake pembeni. Akasogeza rula hadi safu ya mwisho, ile pana, akaandika: “Mwaka jana kiwanda kilikuwa palepale.”